Kamati ya Maegesho Yamhoji Mwenyekiti Wake

Ifahamike kwa umma wote, wenye magari na waomba lifti, kwamba mnamo mwaka 2014 jiji la Doha lilipata chombo cha haki ambacho miji mingi mikubwa inakililia mpaka leo: Kamati Huru ya Rufaa za Maegesho. Nalisema hili kwa unyenyekevu, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati hiyo nilikuwa mimi. Katibu pia nilikuwa mimi. Wajumbe walipaswa kuwa watatu, lakini kampuni ilikuwa inabana matumizi, kwa hiyo nafasi zao nilizikaimu.

Naitwa Benard Mwaura. Cheo changu kamili ni Afisa Mwandamizi wa Madeni, Makusanyo na Maridhiano, na kadi zangu zilichapwa kwa herufi ndogo ili cheo kienee. Nyumbani Nyeri kuna watu wanaodhani niko Qatar nabeba zege. Siwalaumu. Mtu ambaye hajawahi kukalia kiti kinachozunguka, utamweleza nini akuelewe?

Kampuni yetu ilisimamia uwanja wa magari wa jengo moja la maduka, lililotazamana na eneo la makanisa, barabara ikiwa katikati. Kwa asiyeijua Doha nieleze kidogo. Kule siku ya mapumziko ni Ijumaa, na Jumapili watu wote wako kazini. Kwa hiyo Mkristo wa Doha anasali Ijumaa. Wakenya, Waganda, Wafilipino, Wahindi, wote humiminika siku hiyo moja, na magari hujaa mpaka kule kwenye mchanga. Uwanja wetu ulikuwa na bango kubwa lililosema kwamba siku ya Ijumaa maegesho ni bure kwa waumini. Bango hilo aliliweka kafili wetu, yaani mdhamini, mzee Mkatari mwenye jengo, mtu mstaarabu ambaye hakutaka binadamu yeyote atozwe pesa kwa sababu ya kwenda kusali.

Mkurugenzi wetu, Mista Shaun, mtaalamu aliyeletwa kutoka Ulaya kutufundisha ufanisi, alilitazama bango lile kwa muda mrefu. Lilimnyima usingizi. Mwishowe aliniita akaniuliza: muumini ni nani? Kwa Waislamu hakuona utata, Ijumaa ni yao. Lakini Wakristo, alisema, dunia nzima inajua wanasali Jumapili. Mkristo anayeegesha Ijumaa akidai yuko ibadani ni mtu aliyekosea siku, na kampuni haiwezi kugharimia makosa ya kalenda ya watu binafsi.

Lazima nikiri hoja ile ilinivutia kwa usafi wake. Mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, na kila Ijumaa nipo kule tangu asubuhi, lakini mambo ya imani huyaacha getini. Nikaandika waraka kwamba Mkristo wa Ijumaa si muumini, kwa hiyo alipe. Niliuandika Jumapili, saa ambayo, kwa mujibu wa waraka wenyewe, nilipaswa kuwa kanisani.

Utekelezaji alikabidhiwa Reuben, mlinzi wetu, mtu wa Bungoma anayekaa Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, na kuletwa kazini kwa basi la kampuni. Kazi yake ilikuwa kutembea juani akiweka karatasi ya manjano chini ya wipa ya kila gari la Mkristo. Aliniuliza atamtambuaje Mkristo akiangalia gari tu. Nikamwambia atafute rozari kwenye kioo, Biblia kwenye dashibodi, au kibandiko cha samaki. Akauliza tena, "Boss, hata gari za kwaya? Hao si ndio wanatuimbia?" Nikamfahamisha kwamba kwaya haina kinga ya kibalozi.

Asiyelipa alipelekwa kwa wakala wa madeni. Wakala huyo alikuwa kampuni tofauti kabisa, Kipanga na Washirika, yenye muhuri wake na barua zenye picha ya ndege mwenye kucha. Ofisi zake zilikuwa ng'ambo ya meza yangu. Nikikaa upande wa dirisha nilikuwa Maegesho, nikihamia upande wa kabati nilikuwa Kipanga. Kampuni hizi mbili ziliheshimiana sana. Kuna wakati Kipanga aliilaumu Maegesho kwa kuwadekeza wadaiwa, na lawama ile niliipokea kiungwana.

Basi, katika mavuno hayo ndipo alipoingia Jebet.

Jebet alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya binafsi, akiishi Muaither, na gari lake dogo alilinunua mkononi kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao. Ijumaa moja alipotoka ibadani alikuta karatasi ya manjano chini ya wipa. Akadhani ni tangazo la wale wanaoosha magari. Akaitupa. Wiki mbili baadaye akapata Ukumbusho wa Kirafiki. Ukafuatiwa na Ukumbusho wa Kirafiki Zaidi, kisha na barua ya Kipanga yenye kucha, zote nimezitia sahihi mimi. Barua ya kwanza ilidai ada ya kuegesha. Ya pili ilidai gharama ya kuandika ya kwanza. Ya tatu ilidai fidia kwa kuwa mdaiwa hakuzijibu mbili za mwanzo, na nakala yake nikaituma kwa mwajiri wake, kwa nia njema, ili na yeye ajue ana mfanyakazi wa namna gani. Kufikia hapo deni lilikuwa linakaribia mshahara wake wa mwezi.

Siku hizo hutoki Qatar bila kibali cha mwajiri. Na Jebet alikuwa na safari. Desemba ile wazee wa upande wa mchumba wake Wesley, mwalimu mmoja wa Kericho, walikuwa wanakwenda nyumbani kwa wazazi wa Jebet, Bomet, kufanya koito, ile shughuli ya posa ambapo Wakalenjini wa pande mbili huketi wakaelewana juu ya ng'ombe, na msichana huitwa mbele ya watu aseme mwenyewe kama amekubali. Bila yeye hakuna koito. Shangazi yake aliwauliza wazee kama msichana anaweza kukubali kwa simu. Wazee walikataa kabla hajamaliza swali.

Lakini Bi. Hannah wa ofisi ya wafanyakazi pale kliniki alikuwa na barua yangu mezani, na alikataa kutia sahihi. Alimwambia Jebet kwamba anampenda sana, ila mtu akisafiri na deni halafu asirudi, anayebebeshwa mzigo ni mwajiri. Alete barua ya kuonyesha hadaiwi, au alete kitu chochote rasmi cha kuonyesha kwamba deni lile si la kuaminika. Tiketi ilikuwa imeshalipiwa na ilikuwa haibadilishwi.

Jambo la kwanza Jebet alilofanya ni kumpigia simu Kipanga. Niliipokea kutoka upande wa kabati, kwa sauti nzito ya wakala. Tulisali kanisa moja, ambako mzee wa kanisa huitwa Elder, na sauti yangu aliitambua. Akaniuliza, "Elder Mwaura, ni wewe?" Nilimjibu kwamba Elder Mwaura wa Maegesho ni mtu mwingine kabisa, ingawa nimesikia sifa zake nyingi nzuri. Akakata simu.

Jumapili iliyofuata alikuja ofisini mwenyewe, bado amevaa sare ya kliniki, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Nilimtahadharisha kwamba hapa hakuna Elder, kuna Afisa. Akaniita Elder vilevile. Alinieleza habari za koito, akaniambia kulipa hawezi, na hata angeweza asingelipa, kwa kuwa hakukosa. Alisema anataka kukata rufaa.

Nilisisimka mwili mzima. Tangu Kamati iundwe hakuna aliyewahi kukata rufaa. Watu walikuwa wakilipa wakinilaani, au wakinilaani bila kulipa, lakini utaratibu hakuna aliyeutumia. Nilimwomba anisubiri. Nikatoka nje, nikavaa tai, nikamwambia Reuben atangaze. Reuben akasimama mlangoni akasema Mwenyekiti anaingia, watu wote wasimame. Jebet akasimama. Nikaingia, nikawashukuru kwa kuhudhuria kwa wingi.

Mlalamikaji alijieleza vizuri, hilo simnyimi. Alisema siku ile alikuwa kanisani tangu wimbo wa kwanza mpaka sadaka ya pili, na bango linasema bure kwa waumini. Kamati ikamkumbusha kuwa Wakristo husali Jumapili. Akauliza kama Kamati imeshawahi kuona kanisa lolote la Doha limejaa Jumapili. Kamati ikajibu kwamba haiko hapa kujibu maswali, ikamtaka alete shahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa ibadani na kwamba aliegesha pale kwa nia njema.

"Shahidi ninaye," alisema. "Mimi nilitaka kuweka gari kule kwa mchanga. Kuna usha wa kanisa alikuwa kwa barabara na ile vesti ya manjano, akanionyesha huku. Akaniambia ingia hapa kwa duka, siku ya leo ni bure, soma bango. Akanisaidia hata kurudi nyuma. Leta, leta, leta, hapo poa."

Nilimwuliza jina la usha huyo.

"Elder Benard Mwaura."

Reuben, aliyekuwa anajifanya hasikii, aliacha kujifanya. Nami nikakumbuka vizuri kabisa kwamba zamu ya kuongoza magari kanisani mwezi ule ilikuwa yangu, na kwamba kazi ile huifanya kwa moyo, kwa kuwa mtu akivaa ile vesti hata wenye magari makubwa humtii.

Mwenyekiti mwingine angetafuta njia ya kulikwepa. Mimi sikulikwepa. Kanuni za Kamati zinasema shahidi lazima aitwe kwa maandishi, basi nikajiandikia wito. Reuben akauchukua upande wa dirisha, akauzungusha, akaniletea upande wa kabati, nikausaini kuwa nimeupokea. Kisha nikaiweka stuli ya plastiki katikati ya chumba iwe kizimba, na kikao kikaanza.

Sitaki kujisifu, ila sijawahi kuona mahojiano makali kama yale. Nilikuwa nikiuliza nikiwa kwenye kiti kinachozunguka, kisha naharakisha kwenda kwenye stuli kujibu. Shahidi alikiri kwamba ndiye aliyemwelekeza mlalamikaji. Mwenyekiti akamuuliza kama si kweli kwamba yeye ni mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo inayodai pesa. Shahidi akakiri. Mwenyekiti akamuuliza ilikuwaje Jumapili aliandika waraka kwamba Mkristo wa Ijumaa si muumini, halafu Ijumaa akawaelekeza Wakristo waegeshe bure. Shahidi akasema alikuwa amevaa vesti. Mwenyekiti akamwambia jibu hilo halitoshi.

Hapo Jebet akainua mkono, akaomba shahidi aulizwe pia kuhusu ile simu, alipojifanya mtu mwingine. Ombi lilikuwa halali, nikalikubali. Nikamuuliza shahidi kama yeye pia ndiye Kipanga. Shahidi akaomba maji. Niliona jinsi jasho lilivyokuwa likimtoka, na kwa kweli sikumwonea huruma. Nilimwambia anatakiwa kujibu ndiyo au siyo. Akajibu ndiyo.

Kabla sijatoa uamuzi, Jebet alinitazama akazungumza polepole. "Elder, mimi nitaposwa mara moja tu. Wazee wa watu wanatoka Kericho. Baba yangu ameazima viti kwa majirani." Akageukia ukutani. Moyo uliniuma, siwezi kuficha. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba kufikia hapo Mwenyekiti aliumwa moyo, kisha nikaendelea na ajenda.

Uamuzi wenyewe ninaujua mpaka leo, maana niliutunga kwa uangalifu mkubwa. Ulisema kwamba rufaa yote inasimama juu ya ushahidi wa Benard Mwaura. Kamati imemhoji mtu huyo kwa kina, imemwona ana maslahi kwa kila upande, husema hili Ijumaa na lile Jumapili, na amewahi kujikana kwenye simu. Kwa hiyo Kamati inaamua kwamba neno lake na sahihi yake havitegemewi kamwe katika jambo lolote linalohusu maegesho au madeni. Ushahidi unatupwa. Rufaa inatupwa. Imesainiwa, Benard Mwaura, Mwenyekiti.

Jebet aliusoma ule uamuzi. Akarudia kuusoma, safari hii kidole kikifuata mistari. Nilitegemea machozi. Badala yake aliniuliza kwa adabu kama naweza kuugonga muhuri. Nikagonga wa Maegesho. Akauliza kama naweza kugonga na wa Kipanga. Nikazunguka meza nikagonga. Akanishukuru, akaukunja, akautia kwenye mkoba, akaondoka akiwa ametulia kabisa. Nilimwambia Reuben aone jinsi haki inavyomtuliza mtu hata akishindwa. "Boss," Reuben alisema, "wewe umejichoma na kiberiti yako mwenyewe." Nikajua ni jua la kutwa, nikampa ruhusa akanywe karaki, ile chai ya maziwa ya kule.

Siku ya pili yake Bi. Hannah alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa barua ya deni yenye sahihi ya Benard Mwaura. Ya pili ilikuwa uamuzi rasmi wa kampuni hiyohiyo, wenye mihuri miwili, unaosema sahihi ya Benard Mwaura haitegemewi kamwe. Nimeambiwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakitia sahihi kibali cha Jebet, akachukua nakala ya uamuzi na kumtumia kafili wetu, akimuuliza kwa heshima zote kama barua zinazotumwa kwa jina la jengo lake ziendelee kuaminiwa au zisiaminiwe.

Wakati huohuo picha ya uamuzi ilikuwa imeshafika kwenye kila kundi la WhatsApp la Wakenya wa Doha, kutoka Al Wukair mpaka Industrial Area. Watu walianza kupanga foleni mlangoni kwangu, kila mmoja na barua yake ya Kipanga, wakiomba nakala yenye muhuri. Mimi nilifurahi. Nilidhani ni wapenzi wa sheria. Niligonga mihuri mpaka wino ukaisha.

Mista Shaun alipopata habari aliingia bila kubisha hodi, uso umemwiva. Aliniamuru niubatilishe uamuzi wote mara moja. Nilimweleza kwa utulivu kwamba inawezekana, ila nikitangaza kwamba Mwaura ni wa kuaminika, basi na ushahidi wake ni wa kweli, Jebet alikuwa ibadani, na Wakristo wote wa Ijumaa ni waumini, kwa hiyo pesa zao zirudishwe. Na nikiacha kama ulivyo, barua zote za madeni nilizosaini ni makaratasi ya kufungia sambusa. Alikaa kwenye ile stuli ya plastiki akashika kichwa. Akauliza kama hakuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kusaini. Nikamkumbusha kwamba wengine wote aliwapunguza mwezi wa Juni, siku ya ufanisi.

Kafili hakupiga kelele. Alituma ujumbe mfupi kwamba barua zote zisimamishwe na waliolipa warudishiwe, mpaka atakapopatikana mtu wa kuaminika wa kuzisaini. Pesa zikarudi. Wengine walipokea zaidi ya walichotoa, kwa kuwa gharama ya kuandika barua ya kuwarudishia niliijumlisha upande usio wenyewe.

Jebet akapanda ndege. Siku ya koito alituma picha kwenye kundi la kanisa, amesimama mbele ya wazee waliopanga mstari kwenye viti vya kuazima, mdomo wazi, anasema anakubali. Watu walimpongeza sana. Na mimi nilimpongeza, kwa jina langu na kwa niaba ya Kipanga.

Wiki hiyohiyo Mista Shaun alikuwa anasafiri kwenda kwao kula Krismasi na watoto wake. Naye alihitaji kibali cha kafili kama sisi sote, na kafili alihitaji cheti cha kuonyesha kwamba msafiri hadaiwi na kampuni. Cheti hutolewa na idara ya madeni. Nilimwandikia siku hiyohiyo, kwa mwandiko wangu mzuri, nikakisoma mara mbili nisikosee. Kesho yake kafili alikirudisha, na kibali hakukitia sahihi.

Mista Shaun alinibeba kwenye gari lake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye majlisi ya kafili, sebule yake ya kupokelea wageni. Njia nzima alinisihi niseme ukweli tu, basi, ukweli mtupu. Nilimhakikishia asiwe na wasiwasi. Mzee alitupokea vizuri, tukaletewa kahawa na tende, akamuuliza Mista Shaun hali ya watoto. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama mtu huyu anadaiwa chochote.

Nikasema hadaiwi hata senti moja, na ulikuwa ukweli.

Kafili akatikisa kichwa kwa upole, akamjazia Mista Shaun kahawa nyingine. "Umesikia alivyosema," alimwambia. "Sasa niletee mtu wa kuaminika aje aseme hivyohivyo."

Ndege iliondoka bila yeye. Krismasi aliila na sisi Industrial Area, chumbani kwa Reuben, ameketi kwenye ukingo wa kitanda na sahani ya pilau mapajani, akimuuliza kila aliyeingia kama yeye ni mtu wa kuaminika.